John Newton: Aliyesamehewa Akasema Ukweli

Maandiko ya kusoma juma hili: 1 Yohana 1:8-10, Luka 19:1-10

Wimbo wa Amazing Grace tunaujua karibu sote. Tunauimba kwenye mazishi, kwenye ubatizo, hata mtoto wa Sunday school anaushika haraka. Lakini si wengi wanaojua kwamba aliyeuandika alikuwa nahodha wa meli za watumwa, na kwamba watu aliowabeba walikuwa Waafrika kama sisi. Kijana mmoja wa kanisa aliniuliza kama basi ni halali tuuimbe. Ni swali zuri, na linastahili jibu.

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Mama yake, mwanamke wa maombi aliyemfundisha Neno, alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka saba. Baba yake alikuwa nahodha, na Newton alianza kusafiri naye baharini akiwa na miaka 11. Alipokuwa kijana alikamatwa kwa nguvu akaingizwa jeshi la wanamaji. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Kufikia hapo alikuwa ameiacha imani ya mama yake kabisa, na alikuwa na mdomo mchafu uliowashangaza hata mabaharia.

Baadaye akajikuta pwani ya Sierra Leone, akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa. Huko aliteswa, akaugua, akashinda njaa. Baba yake alimwomba nahodha mmoja amtafute, naye akampata. Wakiwa njiani kurudi Uingereza, Machi 1748, dhoruba kali ikaipiga meli yao, Greyhound, usiku. Newton alipiga pampu saa nyingi, kisha akashika usukani, na hapo ndipo alipoanza kumlilia Mungu aliyekuwa akimdhihaki. Baada ya wiki nne hivi walifika Ireland wakiwa hai. Siku ile ya dhoruba aliikumbuka kila mwaka hadi uzeeni.

Ushuhuda mwingi kumhusu huishia hapo. Amesamehewa, ameokoka, haleluya. Lakini tukiishia hapo tutakuwa hatujasema ukweli wote.

Baada ya kumlilia Mungu, Newton alirudi baharini kwenye biashara ileile. Kati ya 1750 na 1754 alisafiri mara tatu akiwa nahodha wa meli za watumwa. Jumapili aliwaongoza mabaharia katika ibada, huku chini ya sakafu waliyosimama watu wamefungwa minyororo. Katika daftari la safari, mtumwa akifa aliandikwa kwa namba. Aliposhuku kwamba wanapanga kuasi, aliwatesa kwa vyuma vya kubana vidole, hata wavulana. Aliacha kazi hiyo mwaka wa 1754 kwa sababu ya ugonjwa uliomwangusha ghafla. Dhamiri ilikuwa bado haijamtoa. Akafanya kazi ya forodha Liverpool, kisha mwaka wa 1764 akawekwa wakfu kuwa mchungaji katika mji mdogo wa Olney. Huko ndiko alikoandika wimbo wake, kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Hata wakati huo alikuwa bado hajasimama hadharani kuipinga biashara ile.

Jamani, je, alikuwa ameokoka? Mimi naamini neema ilikuwa imemshika. Lakini moyo unaweza kupokea msamaha kwa jambo unaloliona, huku jambo kubwa zaidi likiwa bado limefichika. Newton alilia kwa sababu ya matusi na dharau yake kwa Mungu. Wale watu waliokuwa chini ya sakafu hakuwaona bado. Watu wengi walikuwa wakiiona biashara ile kuwa kazi halali, naye akaiona hivyo.

Mungu hakumwacha hapo. Mwaka wa 1785 kijana mmoja mbunge, William Wilberforce, alimjia London kwa siri kuomba ushauri: aache siasa amtumikie Mungu? Newton akamshauri abaki Bungeni. Mwaka wa 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton mwenyewe akachapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Humo alieleza aliyoyaona na kukiri sehemu yake, kwa aibu na bila kujitetea. Nakala zikapelekwa kwa wabunge. Akatoa ushahidi mbele ya kamati za serikali na Bunge, akiwa mzee na mchungaji anayeheshimika. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo ilipitishwa Machi 1807. Newton alifariki Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma. Huko tulifunzwa kwamba mkopo ukisamehewa haupotei hewani. Aliyekopesha anauingiza kwenye vitabu vyake kama hasara. Ni yeye anayeubeba. Msalaba ni hivyo. Deni la Newton kwa Mungu lilibebwa na Kristo lote, na kile kijitabu hakikuongeza hata senti moja juu ya damu ya Yesu. Lakini mtu ambaye deni lake limelipwa hana sababu tena ya kuficha vitabu. Zakayo aliposimama kutangaza kwamba atarudisha mara nne, Yesu alikuwa tayari ameingia nyumbani kwake. Neema ilitangulia, ukweli ukafuata.

Newton hangeweza kuwarudisha wale watu makwao. Wengi walishakufa, na majina yao hakuyaandika. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ukweli, akautoa.

Kwa hiyo kijana wetu, imba. Lakini ukiimba, wakumbuke na wale walioandikwa kwa namba, kwa maana Mungu anayajua majina yao.

Na wewe mpendwa, labda umesamehewa miaka kumi iliyopita, lakini kuna ndugu uliyemdhulumu shamba la marehemu baba. Kuna pesa za chama ambazo hazikufika benki. Kuna mtoto uliyemkana. Usiogope kwamba ukisema, Mungu atakukataa. Alikujua siku aliyokupokea. Juma hili, nenda kwa huyo mtu. Mwambie ukweli, na kama kuna cha kurudisha, anza kurudisha. Kama hujui uanzie wapi, ofisi ya wachungaji iko wazi, na tutakwenda nawe.

Mungu awabariki.