Mwalimu na Mto Unaomwagika Mbele Yetu

Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere amekwisha kuandikwa sana, na wengi waliomwandika walianzia Butiama alikozaliwa mwaka 1922, wakapita Tabora, Makerere na Edinburgh, wakaishia Ikulu. Sisi wa Mafia tunayo haki ya kumtazama kutoka upande wetu wa bahari, mkabala wa mahali ambapo mto Rufiji unamwaga maji yake. Katika maisha ya kiongozi huyo yamo mambo mawili yaliyotugusa hasa, nayo ni kisomo na nishati, na namna alivyoyaendesha mambo hayo haikuwa moja.

Kwanza kisomo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu alishikilia kwamba nchi huendelea kwa watu wake kuendelea, si kwa wingi wa vitu. Mwaka 1971 zikateuliwa sehemu sita za kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na kisiwa chetu kikawa miongoni mwao, pamoja na Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Ikumbukwe kwamba baadhi ya wazee walioandikishwa kuwa hawajui kusoma walikuwa wamekwisha kuhitimu msahafu, na barua zao waliziandika kwa herufi za Kiarabu. Daftari la serikali halikuwa na safu ya elimu hiyo. Hata hivyo waliitikia, wakakaa darasani na wake zao na watoto wao. Wananchi walisadiki jambo hilo kwa sababu walilifanya wenyewe, kwa mikono yao.

Aliyesoma usiku alisoma kwa kandili au kibatari, na mafuta ya taa yalivuka bahari kuja kisiwani. Jikoni mambo yalikuwa nafuu, kwani mnazi humpa mwenyewe vifuu, makumbi na makarara ya kuwashia moto. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Taifa changa lisilo na kisima chake cha mafuta likajikuta linauza pamba na katani kwa wingi zaidi ili linunue mafuta kidogo zaidi. Tangu hapo serikali ya Mwalimu iliitazama mito kwa jicho jingine.

Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu ilianza kutoa umeme kwa nguvu ya maji ya Ruaha Mkuu, na ilipokamilika mwaka 1980 uwezo wake ulifika megawati 204. Ruaha Mkuu ni tawi la Rufiji. Kwa hiyo maji yaliyowasha taa na viwanda vya Dar es Salaam yaliishia hapa mbele yetu, nasi tukiwa gizani. Hapa sera na matendo viliachana kidogo. Siasa ilihimiza kijiji, waya ukaenda mjini. Hatusemi kwamba ilikuwa hila, kwa sababu kiwanda kilikuwa na uwezo wa kulipia umeme na kijiji hakikuwa nao. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Katika bonde la Rufiji lenyewe mkono wa serikali ulikwisha kufika mapema. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, watu waliokuwa wakiishi bondeni walihamishiwa vijiji vya mwinuko, katika mpango ulioitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema: kuwaokoa na maji, kuwapa shule, zahanati na maji safi. Lakini Mrufiji alikuwa na elimu yake juu ya mto. Mafuriko yalimletea udongo wenye rutuba na kujaza mabwawa ya samaki. Maji yalipopungua alipanda mazao ya mlau, na usiku alilala katika dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Alipohamishwa, shamba likabaki bondeni na nyumba ikawa mlimani. Familia ikagawanyika baina ya vituo viwili, na mzigo wa safari ukawaangukia zaidi akina mama. Kwa kisomo watu walishirikishwa. Kwa mto waliamriwa.

Mwaka huo huo wa 1975 iliundwa mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, RUBADA, na wataalamu wa Norway walichora bwawa kubwa katika maporomoko ya Stiegler. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda tena na uhaba wa fedha za kigeni viliuangusha mpango huo. Mwalimu alistaafu urais Novemba 1985 bila kuuona, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Ujenzi ulianza mwaka 2019, na bwawa likapewa jina lake. Februari 2024 mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya Taifa, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari, yenye uwezo wa megawati 2,115. Hiyo ni mara kumi ya Kidatu na zaidi. Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba wananchi wa Rufiji na Kibiti wakati maji yakifunguliwa bwawani, na serikali ikaeleza kwamba pasipo bwawa madhara yangezidi.

Waheshimiwa watendaji wanaosoma safu hii wanajua kwamba maji matamu na udongo wa Rufiji ndivyo vinavyolisha mikoko ya Delta, na kwamba kamba wanakulia ndani ya mikoko hiyo kabla ya kutoka baharini. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, milimani, mbali na chumvi. Inapopangwa ratiba ya kufungua na kufunga maji, mvuvi wa Delta na mvuvi wa Bwejuu waitwe kikaoni, na ratiba hiyo ibandikwe Kilindoni kabla ya masika.