Luigi Broglio: Mwitaliano aliyerusha roketi kutoka bahari ya Malindi

Ukivuta mstari kutoka kilele cha Kibo kwenda mashariki, ukavuka mpaka na mbuga ya Tsavo, utaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Hapo, takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, sawa na mlima wetu, ndipo Luigi Broglio alipoleta roketi zake.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi, akawa jenerali wa jeshi la anga la Italia na kufundisha Chuo Kikuu cha Roma. Miaka ya 1960 Wasovieti walikuwa wakiunda N1, roketi yenye urefu wa zaidi ya mita 100, iwapeleke watu mwezini. Italia haikuwa na fedha za mashindano hayo. Broglio akatafuta mahali, si ukubwa.

Kwenye ikweta ardhi huzunguka kuelekea mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa. Baikonur, walikorushia Wasovieti, ni kama 1,160. Kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki kutoka kwetu huanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Aliyewahi kushuka kwenye daladala kabla haijasimama anaielewa habari hii bila kwenda darasani.

Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA kutumia roketi ndogo za Kimarekani aina ya Scout. Majukwaa ya chuma yakakokotwa hadi Ghuba ya Ungwana, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 ikapaa kutoka baharini. Siku mbili kabla, Vladimir Komarov alikufa parashuti ya Soyuz 1 iliposhindwa kufunguka sawasawa. Kazi hii haikuwa mchezo kwa yeyote.

Siku kubwa ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa hapo, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na ilionyesha vyanzo zaidi ya 300.

N1 ilijaribiwa mara 4, ikafeli zote. Baadaye Wasovieti waliunda Energia, yenye uwezo wa kubeba tani kama 100. Novemba 1988 ilipeleka Buran, chombo cha kutumika tena na tena, kikazunguka dunia mara 2 bila rubani na kutua chenyewe. Hakikuruka tena. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Malindi nako roketi ya mwisho ya setilaiti ilikuwa imeondoka, na mzigo usiofika kilo 300.

Setilaiti 9 zilirushwa pale, za Italia, Marekani na Uingereza. Ya Kenya, hakuna hata moja, na kwa maoni yangu hilo ni doa. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ilianza kazi angani mwaka 2018, ikiwa imeundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma alikofundisha.