Hubble hakupanda mlimani peke yake

Hakuna mwalimu apendaye kusahihishwa na mwanafunzi wake mbele ya darasa. Nami nakiri kwamba muhula uliopita nilisahihishwa, na nilistahili. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa fizikia kwamba mtu mmoja, Edwin Hubble, alipanda mlimani, akaelekeza darubini angani na kugundua kwamba ulimwengu unapanuka. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akataka kujua ni nani aliyempa Hubble kipimo cha kupimia umbali wa nyota, na ni nani aliyekesha akipiga picha. Nilimjibu kwamba hayo hayamo katika mtihani, nikamwamuru aketi. Aliketi, na mkono wake haukuinuka tena hadi muhula ukaisha.

Jambo hilo limenikereketa moyoni. Ndiyo sababu nimeona heri niutumie ukurasa huu kuyasimulia maisha ya Hubble jinsi nilivyopaswa kuyasimulia tangu mwanzo.

Alizaliwa tarehe 20 Novemba 1889 huko Marshfield, katika jimbo la Missouri, Marekani. Babaye, aliyefanya kazi ya bima, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Kijana alisoma hisabati na elimu ya falaki katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha mwaka 1910 akapata udhamini wa masomo wa Rhodes na kwenda Oxford, Uingereza. Huko alisomea sheria, maana neno la mzazi halikuvunjwa kirahisi. Baba alifariki mwaka 1913. Hubble alirejea nyumbani na kwa mwaka mmoja akawa mwalimu wa shule ya upili mjini New Albany, jimbo la Indiana. Alifundisha fizikia, hisabati na Kihispania, na kuwafunza vijana mpira wa kikapu. Walimu wenzangu, huyo alikuwa mwenzetu!

Mwaka uliofuata aliiacha chaki, akarudi kusomea falaki katika kituo cha Yerkes. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1917, akajiunga na jeshi na kupelekwa Ufaransa vita vilipokuwa vikikaribia kwisha. Baadaye aliwaacha watu waamini kwamba aliwahi kuwa wakili, ingawa hakuna ushahidi kwamba alitetea hata kesi moja. Alikuwa mtu mwenye kujipenda, na si busara kulificha hilo.

Mwaka 1919 aliajiriwa katika kituo cha Mount Wilson, California, kilichokuwa na darubini kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Kioo chake kilikuwa na upana wa mita 2.5. Wataalamu walikuwa wakibishana vikali. Wengine, akiwemo Harlow Shapley, walishikilia kwamba Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota tuuonao usiku wa giza, ndio ulimwengu mzima. Wengine walidai kwamba baadhi ya mawingu hafifu ya nuru angani ni makundi mengine makubwa ya nyota, yaliyo mbali mno.

Mnamo Oktoba 1923 Hubble alipiga picha ya wingu la Andromeda. Aliona kitone alichodhani ni nyota iliyolipuka, akakiwekea alama. Alipolinganisha picha hiyo na za zamani, aliifuta alama ile. Nyota hiyo ilikuwa ikififia na kung'aa tena kwa mpango maalumu. Ilikuwa ya jamii iitwayo Sefeidi.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapopata jibu la kwanza. Kipimo kilitoka kwa Henrietta Leavitt, mwanamke aliyekuwa na ulemavu wa kusikia, aliyefanya kazi kwa ujira mdogo katika kituo cha Harvard akichunguza picha za nyota kwenye vioo. Mwaka 1912 alionyesha kwamba kadiri Sefeidi inavyochukua muda mrefu kukamilisha mzunguko wake wa kung'aa na kufifia, ndivyo ilivyo na nuru nyingi kwa asili. Anayeijua nguvu halisi ya karabai anaweza kukadiria iko umbali gani kwa kuutazama unyonge wa mwanga wake. Kwa njia hiyo Hubble alikadiria kwamba Andromeda iko umbali wa takriban miaka ya nuru 900,000, nje kabisa ya Njia Nyeupe. Leo twajua ni kama milioni 2.5, lakini hukumu yake ilikuwa sahihi. Habari hiyo ilisomwa mbele ya wanafalaki mjini Washington tarehe 1 Januari 1925. Leavitt hakuwapo kuisikia. Alikuwa amefariki mnamo Desemba 1921.

Jibu la pili ni Milton Humason. Huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Alikuwa akiswaga nyumbu waliobeba vifaa vya ujenzi kwenda kileleni, kisha akawa mfagizi wa kituo, na hatimaye mpiga picha stadi wa nuru hafifu kuliko zote. Picha moja iliweza kumchukua usiku kadhaa wa baridi. Kabla yake, Vesto Slipher wa Arizona alikwisha kupima jinsi nuru ya makundi mengi ya nyota ilivyosogea upande wa wekundu, dalili kwamba yanatuacha kwa kasi. Mwaka 1929 Hubble aliziweka kasi hizo, nyingi zikiwa za Slipher, kando ya umbali alioupima, akaonyesha kwamba kundi lililo mbali zaidi ndilo linalokwenda kasi zaidi. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa amelifikia wazo la ulimwengu unaopanuka mwaka 1927. Hubble mwenyewe alisita maisha yake yote kuitoa tafsiri hiyo kama jambo la hakika.

Hesabu zake pia zilikuwa na kasoro. Zilifanya ulimwengu uonekane na umri wa miaka bilioni 2 tu, mchanga kuliko miamba ya dunia! Urekebishaji ulianza mwaka 1952, pale Walter Baade alipoonyesha kwamba Sefeidi ni za aina mbili. Hubble alifariki tarehe 28 Septemba 1953. Hapakuwa na mazishi ya hadhara, na kaburi lake halijulikani. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Jina lake lilipaa tarehe 24 Aprili 1990, darubini ya Hubble iliporushwa hadi kimo cha takriban kilomita 600. Kioo chake kina upana wa mita 2.4, kidogo kuliko kile cha Mount Wilson. Siri yake ni mahali ilipo. Iko juu ya hewa inayozifanya nyota zimetemete na inayoizuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno isitufikie. Nayo ilianza kwa aibu, kwani kioo kilikuwa kimechongwa vibaya kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, na picha zikatoka na ukungu. Mnamo Desemba 1993 wanaanga walikwenda kuirekebisha hukohuko juu. Kufikia mwaka 2001 wataalamu walikuwa wameitumia kupima Sefeidi za mbali na kupata kasi ya upanukaji ambayo ni kama sehemu moja kwa saba ya ile ya Hubble. Leo umri wa ulimwengu hukadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hubble alistahili sifa, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Wanafalaki wenyewe walilikubali hilo mwaka 2018, walipopiga kura kupendekeza kanuni ya upanukaji iitwe kwa majina mawili, la Hubble na la Lemaître. Sisi walimu twangoja nini? Tunapomfundisha mtoto kwamba sayansi ni kazi ya shujaa mmoja wa mbali, twamfundisha pia kwamba yeye hana nafasi humo. Na hali setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku yetu.

Muhula utakapofunguliwa nitaandika ubaoni majina ya Leavitt, Slipher, Humason na Lemaître kando ya lile la Hubble. Kisha nitamwomba radhi yule msichana mbele ya darasa lilelile nililomnyamazisha, na kumsihi aulize tena.