Thomas Stevens: Jamaa aliyezunguka dunia kwa baiskeli isiyo na gia

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru haimhurumii mwenye baiskeli. Ukipita Runyenjes unateremka mtoni, halafu unapanda. Kabla ya Chuka ni hivyo hivyo. Ukivuka Chuka kuna mteremko wa Nithi, ambao hata madereva wa matatu wanauheshimu. Sasa hebu fikiria safari hiyo bila gia, bila tairi za upepo, ukiwa umeketi juu ya gurudumu linalokufika kifuani.

Baiskeli ya aina hiyo ndiyo aliyopanda Thomas Stevens kuzunguka dunia. Na kabla hujasema mambo haya ni ya Wazungu wa mbali, jua kwamba jamaa huyu alifika hadi Afrika Mashariki.

Stevens alizaliwa Desemba 24, 1854 katika mji wa Berkhamsted, Uingereza. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alihamia Marekani akiwa kijana na kufanya kazi za sulubu, mara kiwanda cha reli huko Wyoming, mara mgodini Colorado. Wazo la kuvuka Marekani kwa baiskeli lilimjia akiwa huko mgodini.

Aprili 22, 1884 aliondoka San Francisco. Baiskeli yake ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 50 na kagurudumu kadogo nyuma. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, kwa hivyo gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka. Ukigonga jiwe unarushwa kichwa mbele. Mizigo yake ilikuwa soksi, shati la akiba, koti la mvua lililogeuka hema usiku, na bastola. Sehemu kubwa ya njia aliisukuma baiskeli kwa miguu, kwani barabara hazikuwepo. Siku 104 baadaye, Agosti 4, aliingia Boston. Hakuna aliyewahi kuvuka nchi hiyo kwa baiskeli kabla yake.

Wengi wangetulia hapo. Yeye mwaka 1885 alipanda meli hadi Uingereza, akaendesha kupitia Ulaya na Uturuki hadi Tehran, Uajemi, akapumzika huko wakati wa baridi. Mwaka 1886 alijaribu kupita Afghanistan, akakamatwa na kurudishwa. Badala ya kukata tamaa alizunguka mbali sana, akapanda meli hadi India na kuendelea kuanzia hapo.

China ndiyo iliyomtoa jasho. Vita kati ya China na Ufaransa vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu uliopita, na hasira dhidi ya wageni ilikuwa bado ya moto. Umati ulimvamia kwa mawe, na maafisa wa serikali ndio waliomwokoa. Bastola yake ingefanya nini mbele ya umati mzima?

Kwa hivyo aliposhuka Nagasaki, Japani, alikuwa mtu aliyeponea chupuchupu. Nchi hiyo ilikuwa imeanza kuwafungulia wageni milango miongo michache tu iliyopita, na mgeni aliyetaka kwenda ndani ya nchi alihitaji kibali. Stevens aliendesha kuelekea mashariki, akapita Osaka na Kyoto, jiji lenye mahekalu mengi ajabu. Usiku alilala kwenye nyumba za wageni za Kijapani.

Katika nyumba hizo mgeni huvua viatu mlangoni, halafu huelekezwa kwenye maji ya moto. Wajapani wana desturi ya kuoga pamoja, na kanuni yake inawashangaza wageni wengi hadi leo: unajisugua na kujisuuza kwanza, ukiwa msafi ndipo unaingia kwenye birika la pamoja. Maji ni ya wote, hivyo huruhusiwi kuyaingiza vumbi lako. Humo ndani hakuna anayejua nani bosi na nani hasla, maana wote mko uchi.

Desturi hiyo ina uhusiano na mahekalu yenyewe. Zamani mahekalu ya Kibudha yalikuwa na nyumba za kuogea, na watawa waliwafungulia maskini na wagonjwa. Kwao, kuusafisha mwili kulienda sambamba na kuisafisha roho.

Desemba 17, 1886 Stevens aliingia Yokohama na kumaliza safari. Alikuwa ameendesha na kusukuma baiskeli zaidi ya kilomita 21,000.

Miaka mitatu baadaye ndipo alipokuja upande wetu. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma kumtafuta Henry Morton Stanley, aliyekuwa amepotelea bara kwenye msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Stevens alifika Zanzibar, akasafiri hadi eneo la Kilimanjaro, na hatimaye akakutana na Stanley akiteremka kuelekea pwani. Meru na Embu hakufika.

Lakini safari hii baiskeli haikuwepo. Alikuja na msafara, wapagazi wakibeba mizigo, na yeye ndiye mkubwa. Kule Asia alikuwa mgeni wa pekee yake, akitegemea watu asiowajua wampe chakula na pa kulala. Huku alikuwa mtu wa kutoa amri, katika miaka ileile ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanagawana ardhi yetu. Vitabu vyake navyo vina dharau za Wazungu wa enzi hiyo, tusijidanganye. Stevens alifariki London mnamo Januari 24, 1935, akiwa na umri wa miaka 80.

Kwa hivyo tumwige kwa lipi? Tuchukue yule wa baiskeli, tumwache wa msafara. Baiskeli inakulazimisha uende polepole, uombe maji, usalimie watu. Na sisi tuna mahali patakatifu petu pa kutembelea: msitu wa kilima cha Kirimiri karibu na Runyenjes, Ziwa Nkunga nje ya mji wa Meru, na makao ya wazee wa Njuri Ncheke kule Nchiru. Wengi wetu tunapajua kwa majina tu.

Ukiamua kwenda, kumbuka kanuni ya lile birika. Usiingie na vumbi lako. Simama nje kwanza, tafuta mzee wa hapo, mwamkie, uulize kama unaruhusiwa kuingia na kama unaruhusiwa kupiga picha. Akikataa, shukuru, panda baiskeli yako uende zako.