Robert Koch na Ugonjwa wa Kifua Kikuu

Katika likizo ya mwaka jana nilimkuta mjomba wangu amekonda, akikohoa usiku kucha. Nyumbani walimtengea kikombe na sahani, na majirani walinong'ona kwamba ule ni ugonjwa wa ukoo. Mimi nami, nasema kwa haya, nilikuwa nikimwekea chakula mlangoni na kukimbia. Baadaye muuguzi alitueleza kuwa ni kifua kikuu, ugonjwa uletwao na vijidudu vinavyoenea kwa hewa. Haurithiwi, wala hauambukizwi kwa vyombo. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia ni nani aliyeyagundua mambo hayo. Akanipa kitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya migodi. Koch alisoma udaktari huko Göttingen, akafuzu mwaka 1866, kisha akawa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao leo umo nchini Poland. Maabara hakuwa nayo. Alitenga sehemu ya chumba alimotibia wagonjwa, akaweka hadubini yake humo. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu kuwa kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na kondoo, huletwa na kijidudu cha namna moja tu.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Siku zile ilikadiriwa kuwa katika kila watu saba waliokufa, mmoja aliuawa na kifua kikuu, na waganga wengi waliamini kuwa ugonjwa huo hurithiwa. Kijidudu chake ni kidogo mno, tena hakishiki rangi upesi. Koch alijaribu rangi mbalimbali mpaka akakiona. Kisha akakiotesha katika majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa moto. Vijidudu vingi huota kwa siku moja au mbili, lakini hivi wiki nzima ilipita pasipo dalili. Mtu asiye na subira angalivitupa. Yeye alingoja, na katika wiki ya pili vikaonekana. Akawatia wanyama wazima vijidudu hivyo, nao wakaugua. Tarehe 24 Machi 1882 akautangaza ugunduzi wake, na ndiyo sababu tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Lakini maisha yake yana upande wa pili. Mwaka 1890 alitangaza kuwa amepata dawa, iliyokuja kuitwa tuberkulini, na namna ilivyotengenezwa akaifanya siri. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, na wengine walizidiwa wakafa. Yule aliyengojea kijidudu kwa subira, dawa hakuweza kuingojea. Hata hivyo, baadaye tuberkulini ilifaa kwa kupima kama mtu ameambukizwa.

Alifika pia kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1897 alikuja Dar es Salaam, na mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria kutafuta dawa ya malale. Huko alitumia dawa iitwayo atoksili, na alipozidisha kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Kitabu kilitaja jina la daktari, lakini majina ya hao waliopofuka sikuyaona.

Koch alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alifariki tarehe 27 Mei 1910, naye hakuiona dawa ya kuponya kifua kikuu. Streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, lakini vijidudu viliizoea dawa hiyo ilipotumiwa peke yake, ndipo madaktari wakajifunza kuchanganya dawa. Leo mgonjwa wa kawaida humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mwenye virusi vya UKIMWI kinga yake hupungua, na kifua kikuu humshika upesi. Kwa hiyo kila mwenye kifua kikuu hushauriwa apimwe damu, na akionekana na virusi hupewa pia dawa za kuvifubaza.

Mjomba wangu alionekana na yote mawili. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike. Alimeza dawa za kifua miezi sita bila kukosa hata siku moja, na zile nyingine angali anazimeza. Likizo hii nilimkuta shambani na jembe lake, na jioni tulikula sahani moja.

Basi wenzangu, Koch alitufundisha mambo mawili: moja kwa subira yake, na moja kwa haraka yake. Akikohoa mtu wiki mbili, na aende hospitali akapimwe. Nasi tulio wazima tusimkimbie, kama nilivyomkimbia mjomba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne