Siti binti Saad: Mchuuzi wa Vyungu Mjini Unguja

Kabla ya sauti yake kunaswa katika santuri, Siti binti Saad aliitumia kuuzia vyungu. Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, wakati wa utumwa, na jina alilopewa kwanza, Mtumwa, halikuificha hali hiyo. Elimu ya skuli hakuipata. Alichorithi kwa mamaye ni ufinyanzi. Vyungu hivyo alivichukua hadi mjini, akavinadi mtaa kwa mtaa. Na kwa kuwa wateja walikuwa ndani ya nyumba, ilimlazimu apaaze sauti. Husimuliwa kwamba walimtambua kwa sauti hiyo kabla hajafika mlangoni. Basi uchuuzi, kazi iliyodharauliwa, ndio uliokuwa chuo chake cha kwanza.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, aliyemfunza kuimba na kupiga ala. Mji haukumpokea kwa mikono miwili: wenye husuda walimtungia mafumbo ya kumkumbusha ushamba wake na umaskini wa mavazi yake. Naye hakurudi Fumba. Aliimba kwa Kiswahili taarabu ambayo katika kasri la Sultani ilikuwa imezoeleka kwa Kiarabu, akiwa na wenzake kama vile Subeti bin Ambari na Maalim Shaaban. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi, na santuri zao zikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki.