Gary Gygax: Fundi wa Viatu Aliyepima Nguvu za Askari na Mchawi

Mara nyingi tukiandika maisha ya watu mashuhuri tunawaandikia marais, majenerali na wanariadha. Mwaka huu nimeonelea niwaletee mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubuni mchezo. Alifariki kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini mtu yeyote anayecheza michezo ya kompyuta yenye mashujaa wa kupanda ngazi anakula matunda ya mti alioupanda yeye na mwenzake mmoja. Jina lake ni Gary Gygax.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 27 Julai 1938 mjini Chicago, Marekani. Baba yake alikuwa Mswisi aliyehamia huko na ambaye aliwahi kupiga fidla katika Chicago Symphony Orchestra. Gary alipokuwa na umri wa miaka 8, familia ilihamia Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Huko alikulia katika karata, chesi na vitabu vya hadithi za majabari na mazimwi. Shule ya upili aliiacha kabla ya kumaliza, na hapo wenzangu tusimuige! Mwaka 1958 alimwoa Mary Jo Powell, kisha akapata kazi katika kampuni ya bima mjini Chicago.

Mchana alikuwa karani wa bima, usiku jenerali. Yeye na marafiki zake walipanga vinyago vidogo vya askari juu ya meza, wakapigana vita vya zamani kwa kutumia rula, dadu na kanuni. Mwaka 1968 alikodi ukumbi wa Horticultural Hall hapo Lake Geneva kwa dola 50, akawaalika wapenzi wa michezo hiyo. Mkutano huo, Gen Con, unafanyika kila mwaka mpaka leo. Ni katika mkutano wa 1969 ndipo alikutana na kijana mmoja wa Minnesota, Dave Arneson.

Mwaka 1970 Gygax alipoteza kazi ya bima. Ana mke na watoto, pesa hakuna. Basi akaanza kutengeneza viatu nyumbani kwake, na huku anaandika kanuni za michezo. Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa kitabu kiitwacho Chainmail, chenye vita vya askari wa zamani na nyongeza ya wachawi na mazimwi. Arneson alikichukua akakitumia kwa njia mpya kabisa: badala ya kuongoza jeshi, kila mchezaji akawa mtu mmoja, mwenye jina lake, anayekua kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Arneson alipomwonyesha jambo hilo mwaka 1972, Gygax aliona mara moja kwamba hii ni dhahabu.

Mwaka 1973 Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni ya TSR. Januari 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya sanduku kwa bei ya dola 10. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha kabla ya mwaka kwisha.

Sasa msomaji, tufike kwenye kiini. Katika mchezo huo wachezaji hawashindani. Wao ni kundi moja, na mwamuzi ndiye anayewasimulia hatari wanazokutana nazo. Hapo mwanzo kulikuwa na aina tatu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka 1975 akaongezwa mwizi, wazo lililotoka kwa wachezaji wa California. Swali lililomsumbua Gygax ni hili: utafanyaje ili kila mmoja awe na maana? Maana mchawi akiwa na nguvu zote, nani atakubali kuwa askari?

Njia rahisi ingekuwa kuwapa wote nguvu sawa. Gygax hakufanya hivyo hata kidogo. Mpiganaji alimpa silaha zote na deraya nzito. Kasisi alivaa deraya pia, lakini alikatazwa silaha zenye makali. Mchawi hakuruhusiwa deraya, silaha yake kisu tu, na mwanzoni alikuwa na uganga mmoja kwa siku. Akishautumia, amebaki mtu wa kujificha nyuma ya wenzake. Kuanzia 1975 alama za uhai za mpiganaji zilitupiwa dadu ya pande 8, za mchawi dadu ya pande 4. Ati hata paka angeweza kumwua!

Lakini subira huvuta heri. Mchawi akifika ngazi ya tano anaweza kurusha kombora la moto la kuteketeza kundi zima la maadui. Ili asiwaache wenzake mbali, Gygax alimwekea bei. Kupanda ngazi ya pili mwizi alihitaji alama 1,200, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000, na mchawi 2,500. Wa kufaidi kesho analipa leo. Mizani hii haikuwa kamilifu. Wachawi wengi walikufa mapema, na waliosalia waliishia kuwafunika wapiganaji. Wachezaji wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Hata hivyo kundi lilipoingia pangoni, kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Ya kusikitisha ni kwamba mizani ya karatasi ni rahisi kuliko mizani ya watu. Gygax alipotoa toleo jipya la mchezo kuanzia 1977, aliuhesabu kuwa mchezo mwingine, na Arneson hakupewa fungu lake. Mwaka 1979 Arneson akaenda mahakamani, na mwaka 1981 wakapatana nje ya korti. Lakini mpanda ngazi hushuka. Don Kaye alikuwa amefariki mwaka 1975, na baadaye hisa nyingi zikawa mikononi mwa familia ya Blume. Mwaka 1985 Gygax aliondolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha. Alishtaki, akashindwa, na mwaka 1986 akaondoka kabisa.

Aliendelea kuandika michezo na vitabu, na wachezaji walikuwa wakimtembelea Lake Geneva kucheza naye. Aliaga dunia huko tarehe 4 Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 69. Arneson alimfuata mwaka uliofuata.

Mimi naona maisha yake yanatuachia somo moja. Haki si kuwapa watu wote kitu kimoja. Haki ni kila mtu kuwa na kazi ambayo kundi haliwezi bila yeye, na akishaifanya, apewe chake. Nusu ya kwanza Gygax aliiandika vizuri kuliko wote. Nusu ya pili ilimshinda, na sisi tusiache itushinde. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vikishavunja, visinyang'anyane sifa.